Mwongozo kamili: jinsi ya kutafuta ngano ya asili inayohimili kutu, hapo hapo shambani kwako

Nikiingia kwenye kitalu cha ngano nikakuta mstari mmoja uko safi kabisa, hauna hata doa la kutu, ule ugonjwa wa fangasi, na pembeni yake kuna mwingine una kutu kidogo kidogo lakini punje zimejaa vizuri, mi naanza na huo wenye kutu kidogo. Watu wengi wananishangaa hapo. Wanasema si uchukue ile safi? Ntaeleza kwanini, sababu ukielewa hicho kitu kimoja basi mwongozo wote huu utakuwa rahisi, na usipokielewa utafanya kazi miaka mitatu alafu upepo mmoja tu unakuja kuharibu kila kitu.

Mwaka 1998 kule Kalengyere, Uganda, watafiti waliona kutu ya shina kwenye ngano ambayo haikutakiwa kuugua. Ngano ile ilikuwa na jeni inaitwa Sr31, ilitoka kwenye nafaka nyingine ya Ulaya inayoitwa rai, na ilikuwa imelinda ngano ya nchi nyingi sana kwa miaka na miaka. Safi kabisa, hamna doa. Ikaja aina mpya ya kutu wakaiita Ug99, ikaipita Sr31 kama haipo. Ikaingia Kenya, ikaingia Ethiopia, 2006 ikaonekana Yemen, 2007 Iran. Na haikukaa vile vile, 2006 huko Kenya ikapatikana ndugu yake anayeshinda Sr24, mwaka uliofuata mwingine anayeshinda Sr36. Alafu Ethiopia 2013 kuelekea 2014, wakulima wa Bale walikuwa wamepanda Digalu kwa wingi, ngano iliyokuwa inahimili Ug99 na kutu ya njano pia, likaja kundi lingine la kutu ambalo hata sio Ug99, na mashamba mengine hawakuvuna kitu. Kenya nayo Robin, mbegu iliyopendwa sana, ikaanza kuugua miaka hiyo hiyo sababu ilikuwa inaegemea jeni ile ile ya Digalu inayoitwa SrTmp.

Sasa linganisha na Sr2. Hii ilitoka kwenye ngano ya zamani sana yenye maganda magumu inayoitwa emmer, aina ya Yaroslav. Mmarekani Edgar McFadden wa South Dakota akaichanganya na ngano ya mkate, akapata aina aliyoiita Hope, yani tumaini. Sr2 haizuii kutu isiingie. Inaichelewesha tu. Mmea unaugua, lakini unaugua pole pole mpaka punje zinakuwa zimeshajaa. Na mpaka leo, karibu miaka mia, bado inafanya kazi!

Kwa hiyo kinga ziko za namna mbili. Kuna ile ya jeni moja kubwa inayofanya kazi toka mche mpaka mavuno, inafunga mlango kabisa, lakini fangasi akibadilika kidogo tu anapata ufunguo. Na kuna kinga ya ukubwani, ya kuugua taratibu, ambayo kila jeni inasaidia kidogo na zikikaa nne au tano pamoja mmea unakaribia kuwa safi, na fangasi anashindwa sababu inabidi azipite zote kwa pamoja. Mbegu za asili zimejaa hii ya pili. Wakulima wa zamani hawakuwa na dawa, ngano iliyougua haraka haikuacha mbegu.

Hatua ya kwanza: zijue kutu tatu kwa macho na kwa kidole

Kutu ya shina ni vidonda virefu vya rangi ya tofali, vinapasua ngozi ya shina na ala la jani, ukigusa unahisi imekwaruza, inapenda joto. Kutu ya majani ni vidoa vidogo vya mviringo, chungwa kuelekea kahawia, vimetapakaa juu ya jani bila mpangilio. Kutu ya njano inajipanga mistari kufuata mishipa ya jani kama cherehani imepita, hii ni ya baridi, kwa hiyo Makete, Mau, Musanze na nyanda nyingine za juu ndo nyumbani kwake.

Pitisha kidole. Kikitoka na unga wa rangi hiyo ni kutu. Jani likiwa na mabaka makavu yenye vidoti vyeusi na kidole kinatoka kisafi, hiyo ni septoria, sio kutu. Unga mweupe kama wa sembe ni ubwiri. Usichanganye kwenye daftari, sababu jeni inayosaidia kutu ya shina si lazima isaidie ubwiri. Ila zipo zinazosaidia vyote, mfano Lr34, hiyo inachelewesha kutu zote tatu na ubwiri kwa pamoja, ndo maana wazalishaji wa mbegu wanaipenda sana.

Hatua ya pili: tafuta mbegu, na tuwe wakweli hapa

Ngano Tanzania na Kenya sio zao la mababu kama mtama au ulezi. Nyingi ililetwa na walowezi na wamisionari, na ndo maana kutu ilimtesa sana Lord Delamere pale Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900 mpaka akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu. Kwa hiyo ukitaka ngano ya asili kweli kweli jirani yetu ni Ethiopia, wale wana maelfu ya aina, zimekaa na kutu muda mrefu sana. Nyingine zinatoka Uturuki, Iran, Afghanistan, Pakistan, India. Kuna jeni moja nzuri sana ya kuchelewesha kutu inaitwa Lr67, imetoka kwenye mbegu ya asili ya Pakistan.

Mbegu unazipata benki za mbegu. Tanzania benki ya taifa iko Arusha, Kenya iko Muguga, Ethiopia iko Addis Ababa. Kuna katalogi moja kwenye intaneti inaitwa Genesys, unatafuta zao, nchi ilikotoka, benki inayotunza. Kuna pia mkusanyiko wa Watkins, Mwingereza aliyekusanya ngano za asili miaka ya 1920 na 1930, zimebaki aina 827 kutoka nchi 32, zinatunzwa na John Innes Centre pale Norwich, na mpaka sasa watu wanazidi kuchimbua humo jeni za kinga ambazo ngano za kisasa hazina.

Ukiagiza toka nje utasaini mkataba wa kupokea mbegu na lazima mzigo uje na cheti cha afya ya mimea, pitia mamlaka za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Usibebe mbegu mfukoni kuvuka mpaka, tafadhali sana. Kutu yenyewe haisafiri ndani ya mbegu, lakini fugwe, ule ugonjwa wa unga mweusi kwenye masuke, inasafiri.

Benki watakupa kipakiti kidogo tu. Usipande zote! Bakiza nusu.

Kitu kimoja watu wanakosea hapa: ngano nyingi za asili za Ethiopia ni durum, ya tambi, ina kromosomu 28, na ya mkate ina 42. Zinachanganyika, lakini watoto wa kwanza wengi wanakuwa tasa au nusu tasa na kazi inakuwa ndefu. Kama ndo unaanza omba aina za ngano ya mkate. Aina 20 hadi 30 zinatosha kwa mtu mmoja mwenye daftari na kalamu.

Hatua ya tatu: panga kitalu ili kutu ije yenyewe

Msimu wangu wa kwanza nilipanda vizuri, nikapalilia vizuri, na kutu haikuja. Kila mstari ulikuwa safi, nikafurahi kama mjinga mpaka mzee mmoja aliyefanya kazi ya vitalu akaniuliza, je ile ngano dhaifu nayo ilikuwa safi? Nikamwambia sikupanda ngano dhaifu. Akaniambia basi mwanangu hujapima chochote.

Kwa hiyo unahitaji ngano dhaifu, inayojulikana inaugua haraka. Pale kituo cha Njoro ambako ngano za dunia nzima zinaletwa kupimwa kutu ya shina, wanatumia aina kama Cacuke kwa kazi hii. Wewe chukua ile ambayo majirani wote wameiacha kwa sababu ya kutu. Ipande kuzunguka kitalu chote, na kila baada ya aina kumi weka mstari wake mmoja katikati.

Kila aina ipe mistari miwili ya mita moja, nafasi kati ya mistari sentimita 20 hadi 30, mbegu kama 50 kwa mstari zinatosha. Rudia kitalu chote mara mbili, na mara ya pili changanya mpangilio usiwe ule ule, maana kona moja ya shamba inaweza kuwa na umande kuliko nyingine. Spora za kutu, yani ule unga wake unaoueneza ugonjwa, zinahitaji jani lenye maji masaa kadhaa ndo ziote, kwa hiyo bonde lenye ukungu wa asubuhi ni mahali pazuri kwa kitalu ingawa ni pabaya kwa shamba.

Panda wiki mbili tatu baada ya majirani, hapo upepo unakuletea spora toka mashamba ambayo tayari yameanza kuugua. Usilete majani yenye kutu toka mkoa mwingine kuja kuambukiza kitalu, hapana, unaweza kuhamisha kundi la kutu ambalo huko kwenu halijafika. Kitalu kiwe kidogo, kiwe upande ambao upepo ukitoka hauendi moja kwa moja kwa jirani, na mwambie jirani unachofanya. Mbolea ya naitrojeni weka kidogo, ngano za asili ni ndefu na ukizishibisha zinalala chini. Dawa ya fangasi usipige kabisa, na kama jirani anapiga kwa bomba upepo ukiwa mkali mwombe asubiri.

Hatua ya nne: kupima, hapa ndo penye kazi yote

Anza ngano ikianza kutoa masuke, kisha rudi kila baada ya siku 7 hadi 10, mara tatu au nne. Nenda asubuhi na mwanga upo, mtu yule yule ndo apime kila mara kwa sababu macho ya watu yanatofautiana.

Andika vitu viwili kwa kila mstari. Cha kwanza ni asilimia, shina au jani limefunikwa kiasi gani, hiki ndo kipimo cha Cobb: 0, 5, 10, 20, 40 mpaka 100. Cha pili ni aina ya kidonda, na hapa dunia nzima wanatumia herufi zile zile. R ni mmea unakataa, vidoa vikavu tu bila unga au na unga mdogo sana. MR vidonda vidogo na pembeni yake pamekufa au pamekuwa njano. MS vidonda vya wastani, pembeni hapajafa. S vidonda vikubwa vimepasuka na unga mwingi. Unaandika mfano 30MS au 60S, basi.

Kupata namba moja unazidisha: R mara 0.2, MR mara 0.4, MS mara 0.8, S mara 1. Kwa hiyo 30MS inakuwa 24, na 60S inabaki 60.

Lakini namba ya siku moja haikwambii kasi, na sisi tunatafuta kasi. Chukua asilimia za vipimo viwili vinavyofuatana, tafuta wastani wake, zidisha na siku zilizo katikati, alafu jumlisha. Mfano umepima kila siku 10 ukapata 5, 20, 30. Ya kwanza na ya pili wastani ni 12.5, mara 10 ni 125. Ya pili na ya tatu wastani 25, mara 10 ni 250. Jumla 375. Ngano dhaifu pale pale imepata 20, 60, 90, ukipiga hesabu ile ile unapata 400 na 750, jumla 1150. Yani mstari wako umeugua kama theluthi moja ya ile dhaifu. Huo ni mstari wa kuwekea utepe! Kama ngano dhaifu haijafika hata 50 mpaka mwisho wa msimu, usiandike hitimisho lolote, rudia msimu mwingine.

Na andika tarehe kila mstari ulipotoa masuke. Zile zinazokomaa mapema mara nyingi zinaonekana nzuri wakati zimekimbia tu, kutu imefika zikiwa zinakauka. Kukomaa mapema ni faida kwa mkulima sikatai, ila sio kinga.

Hatua ya tano: kutofautisha kinga kubwa na kinga ya taratibu

Bila maabara unaweza kufika mbali. Wakati ngano dhaifu imejaa kutu, panda tena mbegu chache za kila aina pale pale pembeni kwenye makopo au kijimstari. Miche ikiwa na majani mawili spora zitaiangukia. Subiri wiki mbili alafu angalia. Aina ambayo mche umeugua vibaya lakini mmea mkubwa umehimili, hiyo ina kinga ya ukubwani, ndo tunayoitafuta. Aina ambayo mche uko safi na mkubwa uko safi ina jeni kubwa. Usiitupe, ila usiitegemee peke yake.

Alafu angalia alama. Sr2 mara nyingi inakuja na weusi kwenye maganda ya suke na chini ya vifundo vya shina, kama moshi umepita. Lr34 inaleta ncha ya jani la juu kukauka wakati sehemu nyingine ya jani hilo bado ni kijani. Mkulima asiyejua ataona mmea mgonjwa na ataung'oa, na inauma sana kuona hivyo kwa sababu ule weusi ni cheti cha kinga. Lakini kuna bakteria nao wanaleta weusi kwenye suke, na ncha inakauka kwa ukame pia, na kuna sehemu weusi wa Sr2 hauonekani vizuri. Kwa hiyo alama peke yake haitoshi, iende pamoja na namba za kwenye daftari.

Hatua ya sita: chagua masuke, sio gunia

Mbegu ya asili ni mchanganyiko. Ndani ya aina moja utakuta warefu, wafupi, wenye ndevu, wasio na ndevu, na kwenye kutu hivyo hivyo. Kwa hiyo usivune mstari wote ukaupa namba moja. Tembea, funga uzi mimea iliyochelewa kuugua na ina punje zilizojaa, vuna kila suke kwenye bahasha yake, na msimu unaofuata kila suke lipate kijimstari chake. Ngano inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa sana kwa hiyo watoto wa suke moja watafanana. Pima tena vile vile. Misimu miwili ya hivi inakupa mistari ambayo unaweza kuisemea.

Ule mchanganyiko wa mwanzo utunze pia usiuache upotee, kuna vitu humo ambavyo kutu ya kesho ndo itaonyesha thamani yake.

Hatua ya saba: kuchanganya na ngano yako ya kawaida

Mistari ya asili inaweza kuhimili kutu lakini inalala na inazaa kidogo. Kwa hiyo unaichanganya na ile unayoipenda. Inahitaji kibano kidogo, mkasi mwembamba, bahasha za karatasi na mikono isiyotetemeka.

Suke la mama lichague likiwa limetoka kwenye ala lakini vifuko vya chavua bado kijani. Kata vijisuke vya juu kabisa na vya chini kabisa, kwenye kila kilichobaki ng'oa viua vya katikati uache viwili vya pembeni. Punguza ncha za maganda kwa mkasi, alafu kwa kibano toa vifuko vyote vitatu kwenye kila kiua. Kikibaki kimoja tu kinajichavusha na kazi imeharibika. Funika na bahasha, andika tarehe. Baada ya siku mbili mpaka nne vinyweleo vya kike vimefunguka kama unyoya, leta suke la baba lenye vifuko vya njano vinavyoanza kupasuka, lizungushe humo ndani, funika tena. Ukipata mbegu 15 au 20 umefanya vizuri.

Kizazi cha kwanza usikihukumu, panda tu uvune. Kizazi cha pili panda mimea mingi, mia mbili na zaidi, na hapa watu wanakata tamaa kwa sababu wanatafuta mmea mmoja kamili. Piga hesabu: ukitaka jeni nne zote zimetulia kwa pande zote mbili, kwenye kizazi cha pili nafasi ni mmea 1 kati ya 256. Lakini kizazi cha sita, mimea ikishatulia, nafasi inakaribia 1 kati ya 16. Kwa hiyo kizazi cha pili mpaka cha nne toa zile mbaya tu, zilizooza kwa kutu na zile ndefu kupita kiasi, zilizobaki vuna kwa pamoja. Kizazi cha tano ndo urudi kwenye suke moja moja. Sehemu zenye misimu miwili kwa mwaka ni kama miaka mitatu, minne hivi.

Kama kitalu kimekupa mistari miwili mitatu mizuri toka nchi tofauti, mmoja wa Ethiopia na mmoja wa Pakistan tuseme, zichanganye hizo pia, maana uwezekano ni mkubwa jeni zao ni tofauti na zitajumlishana.

Mwisho, kutunza

Kausha mbegu vizuri. Kama huna mashine, weka chumvi kavu na ngano kidogo kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika chache, chumvi ikiganda kwenye kioo bado ina unyevu, rudisha juani. Weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, kila bahasha na jina lake, asili yake, msimu, na namba za kutu. Ngano iliyojiotea yenyewe shambani baada ya mavuno ing'oe yote, hiyo ndo daraja kutu inalovukia mpaka msimu mwingine.

Ukitaka kuuza mbegu nje ya matumizi yako waone wasimamizi wa mbegu kwanza, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Na ukipata mstari unaofanya vizuri misimu mitatu mfululizo, peleka sampuli kwenye vituo vya utafiti wa kilimo, TARI Selian au TARI Uyole kwa Tanzania, KALRO Njoro kwa Kenya, na daftari lako, waombe waujaribu kwenye vitalu vyao pia, kwa sababu kutu ya kwako ni kundi moja na wao wana mengine.

Mi mstari wangu namba 14 msimu uliopita uliishia 25MS wakati ngano dhaifu pembeni ilikuwa 90S. Weusi chini ya vifundo upo. Nusu ya bahasha iko kwenye chupa, nusu naipanda mvua zikianza.